Sikukuu ikiangukia Jumapili, tufidiwe Jumatatu?

Karani wa Ilala: Wadau, Muungano tumeila Jumapili wiki iliyopita, Jumatatu asubuhi tuko ofisini. Mwaka jana Mapinduzi Jumapili, Muungano Jumamosi. Mwaka huu bado Nane Nane na 26 Desemba, zote Jumamosi. Sisi wa Jumatatu hadi Ijumaa tunapoteza tu. Kenya wanafidiwa. Kwa nini sisi tusifidiwe?

Fremu Kariakoo: Kufidiwa tena? Hesabu Aprili hii hii: Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Karume tarehe 7. Weka na wikendi hapo katikati, siku tano mzigo umelala, na kodi ya fremu hailali. Mbongo anapenda kupumzika kuliko kazi. Hata mlinzi wetu sikukuu analipwa kwa kusinzia.

Mkisauni: Msituonee kijicho, ndugu zetu. Kwetu Kenya ni Jumapili peke yake inayosogezwa. Madaraka ya 2025 ilikuwa Jumapili, tukakaa nyumbani Jumatatu tarehe 2 Juni. Ikiangukia Jumamosi, imekwenda na maji.

Lindo la Usiku: Fremu Kariakoo, hapo kwenye kusinzia umenigusa. Mimi ni mlinzi, mwaka wa nane huu. Pasaka naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, chai ya chupa nimebeba mwenyewe. Muungano vilevile. Slipu ya Aprili ninayo mkononi: mstari wa sikukuu umeandikwa 0.00. Huko kusinzia kunakolipwa ni wapi?

Fremu Kariakoo: Sikukutaja wewe. Nimesema wa kwetu.

Lindo la Usiku: Wa kwenu ni mlinzi kama mimi. Ungekuta amelala ungefungua duka ukute nini?

Mama Wawili: Mwacheni kaka wa watu. Mume wangu alilinda miaka kumi na mbili, Idi hatukuwahi kula naye mezani. Nadhani sheria inasema sikukuu alipwe mara moja na nusu.

Afisa Kazi Mstaafu: Hapana, mama. Moja na nusu ni ya saa za ziada. Sikukuu ni mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kifungu cha 25, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Haiulizi ni Jumapili au Jumanne. Na kwa mleta mada, hata likizo yako ya siku 28 inahesabu ndani yake sikukuu zitakazoiangukia.

Karani wa Ilala: Asante mzee. Lakini swali langu ni la Jumatatu.

Fremu Kariakoo: Mara mbili! Nyie hamjawahi kumlipa mtu mshahara maishani. Mkaajiri kwanza ndipo mje kutufundisha.

Mama Wawili: Kama huwezi kumlipa mtu siku ya Pasaka, funga duka ukale Pasaka na wanao. Yule naye ana wanawe.

Fremu Kariakoo: Vijana wangu sita nawalipa, na sikukuu nawapa nauli na chakula. Kaulizeni.

Afisa Kazi Mstaafu: Nauli si mshahara, ndugu yangu.

Lindo la Usiku: Mzee, nikimuuliza supavaiza ananiambia walinzi ni kazi ya zamu, hatuna sikukuu. Ni kweli?

Afisa Kazi Mstaafu: Si kweli. Zamu haifuti sikukuu. Andika barua ya madai, baki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Wakikaa kimya nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na usichelewe: madai yasiyo ya kuachishwa kazi ni ndani ya siku 60.

Lindo la Usiku: Daftari la getini nasaini kila ninapoingia na kutoka. Kurasa za Ijumaa Kuu, Karume na Muungano nimezipiga picha sasa hivi. Mzee, barua naanza na ipi, au naziweka zote pamoja?