Papa kashinda jamani

[Jumatano 8/11/2023, kikundi cha familia]

Suleiman: Assalaam alaykum wote, huko kwenu saa tatu asubuhi sie huku San Jose Marekani ndo tunatoka uwanjani usiku kwenye hoki ya barafuni, PAPA wetu KASHINDAAA 🦈🦈 2-1 na Philadelphia wallahi nimelia

Mwanaisha: Waalaykum salaam kaka, alhamdulillah!! si ndo ya kwanza hii?

Suleiman: Ya kwanza. Mechi 12, zile 11 zote tumefungwa mfululizo toka Oktoba, San Jose ilikuwa kama ina msiba

Mama: Umekula lakini mwanangu?

Suleiman: Shikamoo mama, nshakula

Mama: Marahaba

Mjomba Haji: Kwani si hao walofungwa kumi?

Suleiman: Mara mbili mjomba 😢 Alhamisi Vancouver 10-1, Jumamosi Pittsburgh 10-2, na zote nyumbani. Hiyo ya Jumamosi nlikuwepo, na hao Pittsburgh wana Karlsson alokuwa wetu, msimu ulopita kafunga mabao 25 katoa pasi za mabao 76 halafu Agosti wakampeleka huko, sasa mbele yangu kakaa kitoto kavaa jezi yetu ina jina la Karlsson mgongoni, bao la saba babake akamvisha koti juu yake ile jezi isionekane. Sikuweza kumtazama tena

Mwanaisha: Maskini 😭

Mwanaisha: Alokuwepo Darajani aniletee ndimu za mia tano tafadhali

Mjomba Haji: Ukimshusha nahodha chombo kitafika wapi. Mie naona wanafungwa makusudi

Suleiman: Wachezaji hapana mjomba. Wakubwa labda, maana huku hakuna kushuka daraja, ukiwa wa mwisho ndo una nafasi kubwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua kijana bora wa mwaka, kwa hivo wanatoa wazuri wanangoja. Lakini leo kipa wetu Blackwood kazuia mashuti 38! kile kisahani cha mpira wanakigandisha kwanza kisidunde, kinakuja kama jiwe na yeye anajitupa mbele yake, mtu wa makusudi hafanyi vile

Mjomba Haji: Hoki tukiitazama udogoni Mnazi Mmoja, kwenye majani, gongo likikupata ugokoni wiki huendi skuli, sembuse barafuni. Basi kama vijana wanajitupa hivo wakubwa wawape wenzao wa kuwasaidia, huyo mtoto wa jezi tiketi yake ni ya leo si ya bahati nasibu

Suleiman: Hapo umesema mjomba

Mama: Huyo papa ndo nini?

Suleiman: Jina la timu mama, wanashusha kichwa kikubwa cha papa toka juu, moshi unatoka, wachezaji wanatokea mdomoni wanateleza mmoja mmoja. Alkhamisi tuna Edmonton, huko itakuwa Ijumaa asubuhi

Mama: Mwanaisha Ijumaa nifungulie simu nimuone huyo papa

Mwanaisha: Inshallah mama. Ndimu jamani??