Cheti cha marehemu baba, pasipoti, na kurudi Tanga wakati kesi ya Lissu inaendelea

Binti wa Makorora, Jumatano 20 Agosti 2025

Assalaam aleikum wana-Tanga wote. Wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wenu. Pasipoti yangu inakwisha, nimeshajaza fomu mtandaoni na kulipia. Kitambulisho cha taifa cha NIDA ninacho, cheti changu cha kuzaliwa cha RITA ninacho. Nimefika dirishani ubalozini huku ughaibuni nikaambiwa cheti cha baba kina walakini. Kimeandikwa "Othman", cha kwangu na NIDA vimeandikwa "Athumani". Baba ni marehemu, kazikwa Tongoni. Wakanitaka nilete kiapo kutoka nyumbani. Kaka akaenda ofisi moja pale mjini, naye akajibiwa kwamba mwenye kuapa ni mimi, na nifike mwenyewe. Nitafikaje bila pasipoti?

Aliyepita njia hii anisaidie: kiapo cha kaka mkubwa kinapokelewa, au lazima kiwe cha mtu aliyemzidi baba umri?

La pili. Nimekuwa nikiandika kwa jina langu kamili kuhusu kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, tangu alipokamatwa. Bi mkubwa kaniambia kwenye simu nisije mpaka uchaguzi upite. Mnasemaje?

Mdigo wa Leicester, Jumatano 20 Agosti

Waaleikum salaam dada. Kwangu ilikuwa mama, "Mwanaidi" kwenye kimoja na "Mwana Idi" kwenye kingine. Wakili alinitengenezea hati ya kubadili jina, ikagongwa mhuri, mambo yakaenda. Tafuta wakili Tanga, yako maofisi mengi karibu na mahakama.

Usafiri wako sina wasiwasi nao. Lissu ni mwanasiasa, wewe ni mtu wa familia yako.

Ami wa Chumbageni (Muscat), Jumatano 20 Agosti

Mdigo, usimpoteze mtoto wa watu. Hati ya kubadili jina ni ya mtu aliye hai anayebadili jina lake. Mama yako alikuwa hai. Marehemu habadili jina! Anachotakiwa huyu ni kiapo kwamba Othman na Athumani ni mtu mmoja, na hicho ni karatasi nyingine kabisa.

Na hilo la pili usilipitie juujuu. Ally Kibao hakuwa na kesi yoyote mahakamani. Alikuwa mjumbe wa Sekretarieti ya Chadema, mtu wa Tanga, yuko ndani ya basi anarudi kwao. Tarehe 6 Septemba 2024 akateremshwa Tegeta mbele ya abiria, kesho yake mwili ukaokotwa Ununio. Kapigwa, kamwagiwa tindikali usoni, Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati ule, alilisema hilo hadharani baada ya uchunguzi wa mwili. Rais akaagiza uchunguzi. Mwezi ujao unatimia mwaka. Nani amefikishwa mahakamani?

Mimi njia ile nimeipita tangu utoto. Ukifika Segera unaanza kunusa nyumbani, Muheza machungwa yanapandishwa dirishani kwenye ndoo, Pongwe unawaamsha wanao. Tangu siku ile nikiingia basi la Tanga nakaa kiti cha mbele na kumtumia mke wangu namba ya gari.

Mama wa Kisosora (Rotterdam), Alhamisi 21 Agosti

Ami, Mungu amrehemu Kibao. Ila tusichanganye mambo. Lissu yuko ndani kwa kufuata sheria. Ameshitakiwa, ana haki ya kujitetea, mahakama iachwe ifanye kazi yake. Akina sisi tuliowahi kuishi nchi zenye vita tunajua thamani ya amani. Mtu hawezi kusema atazuia uchaguzi halafu aachwe tu. Wala si mara yake ya kwanza, mwaka 2020 alizuiwa kugombea urais kwa hayo hayo.

Mwana Pangani (Minneapolis), Alhamisi 21 Agosti

Mama wa Kisosora, kwa heshima zote, 2020 hakuzuiwa. Tume ya Uchaguzi ilimsimamisha kampeni kwa siku saba mwezi Oktoba. Aligombea mpaka mwisho, akatangaziwa asilimia 13 na Magufuli 84. Baada ya hapo akajihifadhi kwa balozi wa Ujerumani, akarudi Ubelgiji alikokuwa ametibiwa.

Na kwa nini alitibiwa? Septemba 7, 2017, Dodoma, mchana kweupe, katoka bungeni, gari linaingia nyumbani kwake, risasi 16 mwilini. Mwaka huo huo mawakili wenzake walikuwa wamemchagua rais wa TLS, chama cha mawakili. Akiwa bado anauguza majeraha, Juni 2019 Spika Ndugai akatangaza kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi, kwa utoro na kutojaza fomu ya mali. Utoro wa mtu aliyelazwa! Mbunge tangu 2010 anavuliwa ubunge kwa fomu. Ndiyo maana nasema dada wa Makorora na Lissu wanashikwa na kitu kimoja. Kwetu fomu inatafutwa pale mtu anapotakiwa akwame.

Chama chake nacho kimetolewa hivyo hivyo. Aprili 12 Tume ilisema Chadema hawakusaini kanuni za maadili, basi hawamo.

Mama wa Kisosora, Alhamisi 21 Agosti

Si wangesaini? Vyama vingine vimesaini.

Mwana Pangani, Alhamisi 21 Agosti

Wangesaini nani, mwenyekiti akiwa rumande? Walidai mabadiliko ya sheria za uchaguzi kwanza, na hilo ndilo lililomweka ndani. Kakamatwa Mbinga tarehe 9 Aprili, kafikishwa Mahakama ya Kisutu tarehe 10, kosa uhaini, kwa maneno aliyoyasema Dar tarehe 3. Hakuna bunduki, hakuna jeshi, maneno.

Wakili wa Barabara ya Ishirini, Alhamisi 21 Agosti

Ndugu zangu, naomba tulielewe jambo moja. Uhaini hauna dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inauweka pamoja na mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakimu hata akitaka kumpa mtu dhamana, hana mamlaka. Tena Kisutu hawasikilizi uhaini, wao wanangoja upelelezi ukamilike kisha wanalikabidhi jalada Mahakama Kuu. Muda wote huo mtu yuko ndani. Juzi Jumatatu, tarehe 18, ndiyo Kisutu wamelikabidhi. Tangu Aprili.

Kwa hiyo kusema "aachwe ajitetee mahakamani" hakutoshi. Adhabu inaanza siku ya kukamatwa, na mwenye kuchagua jina la kosa ni mwendesha mashitaka. Mnakumbuka Mbowe: ugaidi, nao hauna dhamana. Akakaa miaka miwili, halafu DPP, mkurugenzi wa mashitaka, akasema hana nia ya kuendelea, mlango ukafunguliwa. Hakuna hukumu, hakuna fidia.

Lissu anajitetea mwenyewe. Mahakama Kuu imeshaamuru baadhi ya mashahidi wafichwe majina na sura, na matangazo ya moja kwa moja yamezuiwa. Sisi tulio mbali ndio tuliokuwa tukitegemea yale matangazo.

Ami wa Chumbageni, Alhamisi 21 Agosti

Wakili, Mbowe hakukaa miaka miwili. Alikamatwa Mwanza Julai 2021, katoka Machi 4, 2022. Ukiwa wakili uwe makini na tarehe.

Wakili wa Barabara ya Ishirini, Ijumaa 22 Agosti

Ami, hoja ni dhamana. Miezi saba gerezani kwa kosa ambalo Jamhuri haikulifikisha mwisho, wewe unaona ndogo?

Mdigo wa Leicester, Ijumaa 22 Agosti

Tanga yetu lakini haina fujo. Siasa tunazijua. 2015 tuliwapa wapinzani wa CUF ubunge wa mjini, watu wakaenda Mkwakwani kutazama mpira wakakaa pamoja. Jioni pweza Ngamiani, huyu kavaa kijani cha CCM, yule nyekundu na buluu ya CUF, mchuzi mmoja. Nimeikumbuka mno Tanga ile. Huku pweza ninayempata ni wa barafu na hana ladha.

Mwana Pangani, Ijumaa 22 Agosti

Tanga ile na mimi ninayo moyoni, Mdigo. Lakini njia ya Horohoro, mpakani na Kenya, ni ya kwetu pia. Mei, Boniface Mwangi wa Kenya alikuja Dar kufuatilia kesi hii. Alikamatwa yeye na Agather Atuhaire wa Uganda, siku kadhaa wakwao hawajui walipo. Mwangi akaja kukutwa Ukunda, ng'ambo ya mpaka wetu, hatembei vizuri. Wote wawili wamesema waliteswa. Hao ni wageni wenye majina makubwa. Dada wa Makorora akiuliza kama aje, tusimjibu kwa pweza.

Mama wa Kisosora, Ijumaa 22 Agosti

Mwanangu wa Makorora, mimi na hawa hatukubaliani, lakini hili sikufichi: mama yako msikilize. Mimi naiunga mkono serikali na bado wanangu nimewakataza kuandika chochote kabla ya safari ya Desemba.

Ami wa Chumbageni, Ijumaa 22 Agosti

Umejibu wewe mwenyewe, Mama. Mtu mwenye amani hawakatazi wanawe.

Binti wa Makorora, Jumamosi 23 Agosti

Ahsanteni nyote, nimesoma kila neno. Sitafuta nilichoandika. Lissu aliitetea midomo yetu wengi kabla hatujamjua, na mtu akishitakiwa kwa maneno, kunyamaza kwangu kutamwongezea shahidi upande wa pili. Bi mkubwa nimemwambia hivyo, kalia, tumeelewana nitakwenda baadaye kidogo.

Ila naomba turudi kwenye karatasi. Kiapo cha kaka mkubwa kinapokelewa? Yeye kazaliwa 1971, baba alizaliwa kabla ya vita, na wakubwa wake baba wote wameshatangulia. Nikiapa mimi huku mbele ya wakili wa huku, Tanga watakikubali?

Mdigo wa Leicester, Jumamosi 23 Agosti

Dada, kuna jamaa yangu alitumia cha shangazi. Sijui kama ni ofisi hiyo hiyo.

Wakili wa Barabara ya Ishirini, Jumamosi 23 Agosti

Inategemea nani yuko dirishani siku hiyo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Nitumie nakala za vyeti vyote viwili kwa faragha.

Mwana Pangani, Jumapili 24 Agosti

Kuna yeyote anayekwenda Tanga kabla ya Oktoba? Nina dawa za sukari za mama, kifurushi kidogo, kinachukuliwa Chuda.