Kustaafu Dordogne, Ufaransa, kwa pensheni ya Uingereza: tuanzie wapi?

Mstaafu_Leicester
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tuna miaka 67, pasipoti za Uingereza, na wote tunalipwa pensheni ya serikali. Tunataka nyumba ya mawe kijijini Dordogne, upande wa Ribérac. Naomba mwongozo wa visa, matibabu na mambo ya kukagua kabla ya kutia saini. Kurudi Tanzania tumekufikiria, ila naambiwa pensheni kule haipandi.

Karatasi_Kwanza
Shikamoo mzee. Umeambiwa kweli. Ukiishi Ufaransa, Uingereza inakupandishia kila mwaka. Ukihamia Tanzania au Kenya, inabaki kiasi kilekile ulichohama nacho.

Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, pasipoti yenu inawapa siku 90 tu katika kila siku 180. Ombeni visa ya muda mrefu ya aina ya "visiteur" mkiwa bado Leicester, kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Kila mtu na fomu yake. Kipato hupimwa kwa kima cha chini cha mshahara wa Ufaransa, kwa hiyo andaeni barua za pensheni na taarifa za benki. Pia mtaandika ahadi ya kutofanya kazi.

Mkifika, visa lazima ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi 3. Hapa ndipo watu huteleza: wanadhani stika iliyo kwenye pasipoti inatosha, kumbe bila uthibitisho ukaazi wao si halali tena.

Matibabu: kwa kuwa mnapokea pensheni ya serikali, ombeni fomu S1 kwa NHS (huduma ya afya ya Uingereza), kila mmoja yake, mkaiwasilishe ofisi ya bima ya afya ya Dordogne, CPAM. Gharama zinabebwa na Uingereza. Ufaransa hurudisha 70% ya ada ya daktari wa kawaida. Iliyobaki hulipwa na bima ya nyongeza, "mutuelle". Na kabla ya kuchagua kijiji, pigeni simu kwa madaktari wa jirani muulize kama wanapokea wagonjwa wapya. Vijijini wengi wamejaa.

Fundi_Chokaa
Mzee, mimi nianzie chooni. Nyumba nyingi za huko hazijaunganishwa na bomba la maji taka, zina karo lake. Dai ripoti ya SPANC, ofisi ya serikali ya mitaa inayokagua makaro, isiyozidi miaka 3. Ikisema karo halifai, mnunuzi ana mwaka 1 wa kulirekebisha, na karo jipya mara nyingi hupita euro 8,000. Punguzeni bei kwa ripoti hiyo kabla ya kusaini "compromis" (mkataba wa awali wa mauziano), si baada.

Dordogne ina mchwa. Ripoti yake hudumu miezi 6 tu, angalieni tarehe. Halafu chukua bisibisi, bonyeza ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, ondokeni.

Ukuta wa mawe uliopigwa plasta ya saruji ni tatizo: unyevu hupanda kutoka ardhini, unakosa pa kutokea, rangi inabanduka hadi kimo cha kiuno. Dawa ni kubandua saruji na kupiga chokaa, kama nyumba za Lamu na Mji Mkongwe zilivyojengwa. Ukuta upumue.

Karatasi_Kwanza
Naongezea: baada ya kupokea compromis iliyosainiwa, mnunuzi ana siku 10 za kughairi bila adhabu. Wekeni akiba ya 7 hadi 8% juu ya bei kwa gharama za "notaire", yaani mwanasheria anayerasimisha mauziano. Kama mna watoto, muulizeni notaire kuhusu urithi mapema: sheria ya huko huwatengea watoto fungu lao, nusu kwa mtoto mmoja, theluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu na kuendelea. Wosia wa Uingereza pekee msiutegemee.

Fundi_Chokaa
Na kuni: nunueni zilizokauka miaka 2. Zenye unyevu huacha lami ndani ya dohani, nayo siku moja hushika moto. Dohani isafishwe kila mwaka, cheti cha fundi mkitunze. Bima ya nyumba watakidai.