Umepigwa robo fainali, unarudije kuwa bingwa? Mashindano ya uzito wa juu ya usiku mmoja yamenichosha

Wakuu, leo nina hasira na nazitoa zote hapa. Ni maneno mengi, asiye na muda apite, ila asije kunijibu kitu ambacho hakukisoma.

Juzi nimebishana na rafiki yangu mpaka tukanuniana. Hoja yake ilikuwa fupi: Ernesto Hoost ni bingwa mara 4 wa K-1 World Grand Prix (mashindano ya ngumi na mateke ya Japani, robo fainali mpaka fainali usiku mmoja), 1997, 1999, 2000 na 2002, kwa hiyo ukimtoa Semmy Schilt mwenye mara 4 zake, hakuna wa kukaa naye meza moja. Nikamwambia zile 3 za mwanzo sina neno nazo, hata kidogo. Ila ya 2002 iweke pembeni. Akaniona mzushi. Nikarudi kuangalia upya usiku ule mzima, robo fainali mpaka mwisho, nikidhani labda miaka imenichanganya kumbukumbu. Nilipomaliza, hasira zilikuwa zimepanda.

Kwa wale ambao ngumi na mateke wameanza kuzifuatilia juzi, nawasimulia. Oktoba 2002, Saitama, Japani, mchujo wa kuingia nane bora. Hoost anakutana na Bob Sapp, Mmarekani aliyetoka kwenye ligi ya mpira wa Kimarekani, mtu wa zaidi ya kilo 150, teke lenyewe hajui kulipiga vizuri. Raundi ya kwanza tu, pambano limesimamishwa, Hoost ametoka. Kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, safari ya Hoost mwaka ule iliishia hapo. Umepigwa kwenye mchujo, nenda nyumbani, jipange mwakani.

Lakini Schilt, aliyekuwa amefuzu, akaumia. Nafasi ikabaki wazi. Akaitwa nani? Hoost.

Haya, tumeze hilo. Tarehe 7 Desemba 2002, Tokyo Dome, watu zaidi ya 70,000. Robo fainali, Hoost anapangwa na nani? Sapp yuleyule. Na safari hii Hoost anaanza vizuri, anampiga Sapp mwilini mpaka jitu lile linakwenda chini. Nilisimama. Hata sasa nikiiangalia nasimama. Sapp akainuka, akaja mbele kama ukuta unaotembea, akamrundika Hoost kwenye kamba akimimina ngumi zisizo na mpangilio, na raundi ya pili refa akaingia kati. Mara ya pili ndani ya kama miezi miwili, kwenye mashindano yaleyale, mtu yuleyule amempiga Hoost.

Mnajua kilichofuata. Sapp akawa ameumia mkono, hawezi kuendelea. Na aliyerudishwa nusu fainali ni yule aliyetoka kupigwa. Tena.

Nusu fainali akakutana na Ray Sefo, mguu wa Sefo ukamsaliti raundi ya kwanza, pambano likaisha. Fainali, Jérôme Le Banner. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo roho inaponiuma.

Le Banner alikuwa ametoka kumaliza raundi zote na Mark Hunt. Hunt! Mtu ambaye ukimpiga ngumi nzito ya kichwa anakuja mbele kama umempa salamu. Hoost alikuwa ametoka kwenye nusu fainali ya raundi moja. Angalieni fainali ile, msitazame nyuso, tazameni mkono wa kushoto wa Le Banner. Ule ndio mkono uliowalaza wanaume miaka yote, na ndio huohuo anaoutumia kuzuia mateke ya kulia ya Hoost. Teke linakuja, ugoko unatua kwenye kigasha. Linakuja lingine, palepale. Hoost si mjinga, ameshaona. Mkono unaanza kushuka, Le Banner anaupandisha, unashuka tena. Raundi ya tatu umevunjika. Hakulazwa na ngumi ya kidevu wala teke la kichwa. Alimalizwa kwa sababu kigasha kilikuwa hakifanyi kazi tena.

Le Banner hakuwahi kuupata ubingwa ule. Alifika fainali 1995, Peter Aerts akamlaza. Akafika 2002, yakawa hayo. Mpaka leo watu wanamtaja kama "bondia bora ambaye hakuwahi kutwaa", wanasema kwa huruma kana kwamba ni bahati mbaya ya Mungu. Si bahati mbaya. Alipoteza fainali kwa mtu ambaye kwa haki hakutakiwa kuwa jengoni amevaa glovu.

Kabla hamjanirukia: simlaumu Hoost. Hoost ni fundi, mchanganyiko wake wa ngumi unaoishia na teke la chini la paja sijaona mwingine anayeufanya safi vile. Ameitwa, amekuja, amepigana. Bondia akiambiwa panda, atapanda. Nawalaumu waliotunga kanuni inayosema mshindi akiumia, aliyeshindwa anachukua nafasi yake. Kanuni hiyo inageuza kushindwa kuwa kitu cha kusubiri. Unapigwa, unakaa chumbani, unasikiliza kama aliyekupiga ana maumivu.

Na usidhani ni 2002 peke yake. Mwaka mmoja nyuma, 2001, Mark Hunt alipigwa na Sefo kwa pointi kule Fukuoka, pambano lile maarufu waliloshusha mikono wakawa wanatoleana kidevu. Sefo akashinda lakini jicho likavimba, akazuiwa kuendelea. Hunt akapita kwa mgongo wake, Desemba akawa bingwa wa dunia. Nampenda Hunt kuliko nusu ya mabondia waliowahi kupanda ulingo ule, na ile KO aliyompiga Le Banner robo fainali naikumbuka kila inapotajwa. Lakini njia aliyopitia siwezi kuitetea. Ubingwa wa 2001 na wa 2002, miaka miwili mfululizo, umekwenda kwa watu waliokuwa wamepigwa ndani ya mashindano hayohayo. Mchezo gani mwingine ungekubali hilo?

Angalau 2006 Aerts aliingia kama akiba baada ya Remy Bonjasky kushindwa kuendelea, na hakuwa amepigwa na mtu usiku ule. Akampiga Glaube Feitosa, akafika fainali, akashindwa na Schilt. Hapo naona mantiki kidogo. Kuna pambano la akiba, mshindi wake anasubiri, anaingia. Kwa hiyo njia ya kiungwana ilikuwepo na waliijua.

Sasa nije kwenye kiini, maana kanuni ya kurudisha walioshindwa isingehitajika kabisa kama wasingelazimisha mapambano 3 ndani ya usiku mmoja kwa watu wa kilo 100 na zaidi. Uzito wa juu si sawa na uzito wa kilo 70. Mtu wa kilo 110 akipiga teke na ugoko wake ukakutana na kiwiko au goti, wote wawili wameumia. Ulingoni hasikii, damu ni moto. Akirudi chumbani, akakaa, mwili ukapoa, ndipo mguu unapovimba na kukaza. Anawekewa barafu, anafungwa bandeji upya, anaambiwa dakika zako zimefika. Anapanda akichechemea na sisi tunapiga makofi tunasema "moyo wa simba".

Na mapumziko hayalingani! Aliyemaliza robo fainali ya kwanza kwa KO ya dakika moja amelala kwenye benchi anakandwa misuli, huku mwenzake wa robo fainali nyingine amekwenda raundi 3, majaji wametoa sare, ikaongezwa raundi ya ziada. Baadaye wanakutana tunaambiwa ni pambano la haki.

Mnataka mfano? 2010. Gokhan Saki alitoka robo fainali dhidi ya Daniel Ghiță akiwa ameumia mkono. Nusu fainali anapewa Alistair Overeem, mwili ule mnaujua. Overeem akapiga mkono uleule, raundi ya kwanza kwisha. Upande wa pili Aerts, mzee wa miaka 40, alikuwa ametoka kumpiga Schilt kwa raundi zote 3, kazi ambayo vijana wengi walishindwa, jamaa ana mita 2.12. Aerts akafika fainali akiwa amebaki moyo tu. Fainali ikaisha raundi ya kwanza. Nani kati yenu aliiangalia fainali ile akasema moyoni, "naam, leo nimemjua bora wa dunia"? Mimi nilichokiona ni nani alikuwa na mwili uliobaki.

(La 2008, Badr Hari kumkanyaga Bonjasky akiwa chini na kuondolewa mashindanoni, silileti hapa. Lile ni kosa la Hari mwenyewe.)

Na wenye mashindano wanajua mwili haukubali, tena wanajua kuliko mimi. Desemba 31, 2012, GLORY, waandaaji wengine wa ngumi na mateke, walipoweka watu 16 pale Saitama, bingwa alitakiwa ashinde mara 4 usiku mmoja. Walifanya nini? Wakapunguza raundi zikawa za dakika 2, na ukishinda 2 za mwanzo umepita. Kwa hiyo badala ya kugawa mapambano kwenye siku tofauti, wakakata pambano lenyewe. Schilt akashinda yote, sawa, lakini Schilt akimpiga Bonjasky kwa raundi za dakika mbili mbili ni Schilt gani na Bonjasky gani huyo?

2024 wakarudi tena, Arnhem, Uholanzi, watu 8, dola 500,000 kwa mshindi. Rico Verhoeven, aliyekuwa ameshika mkanda tangu 2014, akapigana mara 3, fainali akamshinda Levi Rigters, akabeba. Nilifurahi, nilikaa macho. Lakini hivi tulijua nini siku ile ambacho hatukukijua asubuhi yake?

Najua mtakachosema. Mtasema ndiyo utamu wake. Nami nimeuonja utamu huo, msinifundishe. Aerts 1998 aliwalaza watatu, Masaaki Satake, Mike Bernardo na Andy Hug, kwa jumla ya dakika 6 na sekunde 43. Lile teke la kichwa kwa Hug nimeliangalia mara zisizohesabika. Schilt 2009 akafanya kwa muda mfupi zaidi ya huo. Usiku wa namna hiyo ukitokea hakuna mchezo unaoufikia, nakubali. Lakini Aerts wa 1998 angeshinda hata mngempa wiki 3 kati ya pambano na pambano. Anayebebwa na usiku mmoja ni yule mwingine, anayesubiri mkono wa mwenzake uvunjike.

Ninachotaka ni kidogo. Mchujo wa watu 16 K-1 walikuwa wanaufanya siku yake, Septemba au Oktoba, nane bora wanarudi Desemba. Walishajua kutenganisha. Basi robo fainali nazo ziwe na siku yake, Desemba wapande wanne tu, mapambano 2 kwa mtu. Pambano la akiba libaki, na anayeingia awe mshindi wa akiba peke yake. Aliyepigwa avae nguo zake aondoke kwa heshima, na kama hakuna wa akiba, mwenzake apite bila kupigana.

Na wewe rafiki yangu, najua utaisoma hii. Usiniandikie tena "mara 4". Tarehe 7 Desemba 2002 Hoost alipanda ulingoni mara 3, akashinda 2, akapigwa 1. Sapp alipanda mara 1, akashinda 1. Niambie nani alimtoa Sapp.