Mtiririko wa usiku ukizidishwa mara 24 unalingana na pengo la bili. Je, yote ni mivujo?

Bomba160
Habari za kazi wakuu. Naomba jicho la pili kwenye takwimu za kanda moja. Ina wateja 1,200, maji yanaingia sehemu moja tu, kwenye dira (mita ya maji) ya sumaku-umeme ya mm 150, na kinasa data kinatuma usomaji kila dakika 15. Mabomba mengi ni PVC (plastiki), kuna kipande cha chuma cha zamani upande wa chini.

Yanayoingia: m³ 900 kwa siku. Bili zikigawanywa kwa siku: m³ 558. Pengo ni m³ 342, yaani 38%. Mtiririko wa chini kabisa usiku, kati ya saa 8 na saa 10, ni m³ 14 kwa saa. 14 × 24 = 336, karibu sawa na pengo! Nimehitimisha kwamba maji yote yanavuja ardhini, na naandaa maombi ya vihisi 60 vya sauti (vya kusikiliza mivujo) pamoja na programu ya uchambuzi. Presha katikati ya kanda ni m 45 (mita za kimo cha maji) usiku, m 33 saa za matumizi makubwa. Niko sawa?

Msoma_Dira
Mkuu, subiri kidogo na hayo maombi. Namba mbili zimekutana kwa bahati tu.

Kwanza, usiku si kila tone ni mvujo. Kuna anayekwenda chooni, kuna koki inayodondoka ndani ya nyumba. Ukianza na makisio ya lita 3 kwa mteja kwa saa, ni m³ 3.6. Kinachobaki ni 10.4.

Pili, usizidishe kwa 24. Mvujo unafuata presha, na presha yako mchana inashuka. Kwa mtandao wenye mchanganyiko wa chuma na plastiki, chukulia mvujo unapungua kwa uwiano uleule wa presha. Tuseme wastani wa saa 24 ni m 37.5 (hesabu wa kwako halisi kutoka kwenye kinasa): 37.5 ÷ 45 × 24 = 20. Basi 10.4 × 20 = m³ 208 kwa siku.

342 − 208 = 134. Hizo m³ 134 zinawafikia watu, ila hazionekani kwenye bili. Kihisi cha sauti hakiwezi kusikia dira iliyochoka.

Chemba17
Naongezea, na mimi ningeanza nyuma zaidi ya hapo: una uhakika kanda imefungika?

Jaribio la presha sifuri ndilo linalosema. Tangaza kwa wateja, kisha usiku funga valvu zote za mpaka, funga na ingilio, ukiwa na kipima presha katikati ya kanda na haidranti (koki ya zimamoto) moja wazi. Presha inatakiwa ishuke hadi karibu na sifuri ndani ya dakika chache. Ikikwama, tuseme m 8, kuna valvu ya mpaka inayopitisha au bomba ambalo halimo kwenye ramani. Pita kwenye kila valvu ya mpaka na fimbo ya kusikilizia. Inayopitisha huwa inazomea. Kabla ya kuwarudishia watu maji, fungua haidranti usafishe mabomba na upime klorini, kwa sababu bomba lisilo na presha hunyonya uchafu kupitia matundu yaleyale tunayoyatafuta.

Halafu kinasa chenyewe. Dira ikitoa pigo (ishara ya umeme ya kuhesabia) moja kwa kila m³ 1, basi kwa mtiririko wa 14 kwa saa utapata mapigo 3 au 4 kila dakika 15, na grafu itarukaruka kati ya 12 na 16 bila sababu. Weka lita 100 kwa pigo, upate 35. Kisha soma uso wa dira leo na kesho saa ileile, ulinganishe na jumla ya kinasa. Tofauti ikizidi pigo moja au mawili, thamani ya pigo imewekwa vibaya au waya umeingiwa na unyevu.

Na saa! Vinasa vingi huandika kwa UTC, yaani saa ya dunia, si saa ya hapa. Mbaya zaidi, fundi anaandika "saa 8" kwenye fomu akimaanisha usiku, ofisini wanaingiza 08:00, na hapo "mtiririko wa usiku" umekuwa wa asubuhi watu wakioga. Fomu zote ziandikwe kwa saa 24, basi.

Kipimo_R80
Kuhusu zile 134, ziko kwenye takwimu ulizonazo tayari, huhitaji programu mpya. Chukua bili za miezi 12 na utoe makundi haya: wateja wenye sifuri miezi mitatu mfululizo wakati akaunti iko hai, wenye namba ileile kila mwezi (hiyo ni makisio, dira haikusomwa), na wateja 20 wakubwa kuliko wote, ambao dira zao zikikosea kidogo tu unaumia. Hakikisha pia kila akaunti imepachikwa kanda sahihi kwenye ramani. Mtaa mmoja wa mpakani ukihesabiwa kanda ya jirani, unatengeneza "wizi" ambao haupo. Na tarehe za kusoma dira hazilingani na mwanzo wa mwezi wa kinasa, hivyo linganisha miezi mitatu au zaidi, usitumie mwezi mmoja.

Baada ya hapo angalia dira zenyewe. Dira ya nyumbani yenye Q3 (mtiririko wake wa kawaida wa juu) ya m³ 2.5 kwa saa na R80 (R ni Q3 kugawanywa kwa mtiririko mdogo kabisa inaoupima kwa usahihi) inadhaminiwa kuanzia 2,500 ÷ 80, yaani lita 31 kwa saa. Chini ya hapo inaweza kusoma pungufu, na ikizeeka inasimama kabisa. Sasa fikiria tenki la juu la nyumba: boya linapokaribia kufunga, maji yanaingia kama uzi. Wateja 300 wakipitisha lita 15 kwa saa kwa saa 12 bila dira kuzunguka, umepoteza m³ 54 kwa siku. Dira ya R160 inaanzia lita 16 hivi, na boya jipya linalofunga kwa ghafla linasaidia hata zaidi.

Bomba160
Asanteni sana. Nimerudi kwenye grafu. Saa 6 usiku ni 19, saa 8 ni 16, saa 10 alfajiri 14, halafu inaanza kupanda. Matenki ya juu ni mengi, zaidi ya nusu ya wateja. Hii inabadilisha chochote? Na vihisi vya sauti kwenye PVC vinafaa au nivisahau?

Msoma_Dira
Inabadilisha sana. Mvujo hauchoki: usiku wa manane, presha ikishatulia, mstari wake hulala. Wako unateremka hadi alfajiri, maana yake matenki bado yanajaa. Makisio yangu ya lita 3 ni madogo kwako. Chagua wateja 50 wenye sura ya kanda nzima, wenye tenki na wasio nalo, zisomwe dira zao saa 8 na saa 10. Wastani ukiwa lita 5, matumizi ni m³ 6, mvujo ni 8, na 8 × 20 ni 160. Tena huo 160 uutazame kama kikomo cha juu, kwa sababu dira hizo hazioni ule uzi wa maji alioueleza Kipimo.

Chemba17
Vihisi usivisahau, ila si 60 na si kanda nzima. Kwanza funga valvu za ndani moja baada ya nyingine, kuanzia mbali kuja kwenye ingilio, usiku mmoja kati ya saa 8 na saa 10, kinasa kikiwa kila dakika 1. Mtiririko ukishuka m³ 3 kwa saa ulipofunga kipande chenye wateja 40, umepata pa kuchimba.

Kwenye kipande hicho ndipo ulete vihisi viwili. Umbali wa mvujo kutoka kihisi kilichosikia kwanza ni (D − v × t) ÷ 2: D ni umbali kati ya vihisi, v ni kasi ya sauti kwenye bomba, t ni tofauti ya muda wa sauti kuvifikia. Bomba la chuma, D m 150, v m 1,250 kwa sekunde, t sekunde 0.04: m 50. Kwenye PVC sauti inafifia haraka, usiviachanishe zaidi ya m 80, na tumia vinavyogusa maji yenyewe. Kasi ya plastiki usiitoe kwenye jedwali. D m 80 na t sekunde 0.1, ukiweka 450 unapata m 17.5, ukiweka 350 unapata m 22.5. Hiyo m 5 ni lami uliyovunja bure. Fungua haidranti kidogo sehemu unayoijua, upime kasi ya bomba lenyewe.

Na presha ya usiku, m 45 yote ni ya kazi gani? Valvu ya kupunguza presha yenye kidhibiti, ikiishusha hadi m 33, inapunguza mvujo wa saa hizo kwa kama robo hata kabla hujachimba. Weka chujio mbele yake. Na kipima presha kikae kwa mteja wa juu kabisa kilimani, maana tenki lake ndilo litakalokosa maji kwanza.

Kipimo_R80
Ukishafunga vinasa kwenye chemba, jaribu mtandao wa simu mfuniko ukiwa *umefungwa*. Mfuniko wa chuma unameza mawimbi, kinasa kinarudia kutuma usiku kucha, na betri ya miaka mitano inaisha kwa miezi. Antena itobolewe juu ya mfuniko au ichomoze pembeni.