Nina mshahara na nina kazi ya kutafsiri: mbona KRA wanataka ushuru juu ya ile asilimia 5?

MwalimuKilifi

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa anayezielewa ritani za KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) vizuri, yaani zile taarifa za ushuru za kila mwaka, tena anieleze polepole, kwa sababu sitaki kutuma kitu kwa jina langu bila kujua kinasema nini.

Nafundisha shule ya kibinafsi hapa Kilifi. PAYE (ushuru wa mshahara) hukatwa kila mwezi, na P9 ya 2025, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wa mwaka, nimeshapewa. Jumla ya mapato yanayotozwa ushuru, baada ya kutolewa NSSF (pensheni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba, ni 720,000. PAYE ya mwaka mzima ni 124,600.

Mwaka jana huohuo nilipata kazi ya kutafsiri vijitabu vya mafunzo ya wahudumu wa afya kwa shirika moja. Nilitoa ankara nne za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), kila moja 60,000. Benki ziliingia 57,000 kila mara, kwa sababu wao hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kabla ya kunilipa.

Jana nilikwenda saiba. Kijana alijaza zile karatasi, akafika chini kabisa, ikatokea natakiwa kulipa 63,000. Nikamwomba asitume. Hizo ni pesa zaidi ya zile ninazobeba nyumbani kwa mwezi! Akaniambia kuna njia rahisi: nitumie ile fomu ya walioajiriwa pekee, nijaze P9, itoke sifuri, niende zangu.

Udanganyifu sitaki. Lakini pia sitaki kulipa nisichodaiwa. Si nilishakatwa huku na kule? Na gharama zangu je? Februari mwaka jana nilinunua laptopu ya 60,000, ni ya kutafsiria tu, shuleni tuna kompyuta zao. Intaneti ya nyumbani ni 3,000 kwa mwezi, nusu yake ni ya kazi. Printa ilitengenezwa na fundi kwa 4,500.

KijanaWaVoi

Pole dada. Mimi nilijua ukishakatwa 5% umemalizana nao. Kama wanakusumbua jisajili TOT (ushuru wa mauzo), ni asilimia 3 ya mauzo basi.

MtunzaVitabu

Mwalimu, salaam. Natunza vitabu vya hesabu Mombasa na kila Juni napokea walimu, wauguzi na wahandisi wenye swali hilihili. Nakupongeza kwa kumzuia yule kijana. Soma taratibu, nitakwenda na takwimu zako mwenyewe.

Kwanza ndugu yetu wa Voi. Kwa mkaazi wa Kenya, ile asilimia 5 kwenye malipo ya kitaalamu si ushuru wa mwisho. Ni malipo ya awali, yanasubiri ritani yako. Nayo TOT haigusi kazi za kitaalamu hata kidogo, na hata kwa wafanyabiashara inaanzia mauzo yanayozidi 1,000,000 kwa mwaka. Kutafsiri kwa mkataba hakuingii huko.

Sasa kwa nini unadaiwa. Sheria haikuoni kama watu wawili, mwalimu na mfasiri. Inajumlisha mapato yote ya mwaka kisha inayapitisha kwenye viwango: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata kwa 25, na baada ya hapo asilimia 30 hadi ufike milioni 6. Mshahara wako wa 720,000 umeshavijaza viwango vile viwili vya chini na umeingia ndani ya asilimia 30. Kwa hiyo kila shilingi ya faida ya kutafsiri inatua moja kwa moja kwenye 30. Hao waliokulipa wamepeleka 5. Iliyobaki ni yako kulipa. Hata ile nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka mwajiri wako alishakupa yote kupitia PAYE, haiji mara ya pili.

Yule kijana alichukua 240,000 nzima, akapiga asilimia 30, ikawa 72,000. Kisha akatoa 9,000 ya zuio, yaani ile asilimia 5 uliyokatwa kabla ya kulipwa, ikabaki 63,000. Angalia hapo. Ankara nne za 60,000 zinatakiwa kuwa na zuio la 12,000, si 9,000. Ina maana kwenye iTax yako (akaunti yako kwenye mtandao wa KRA) kuna vyeti vitatu tu. Kimoja hakijaingia. Ingia kwenye akaunti yako, fungua vyeti vya ushuru wa zuio, utazame tarehe na kiasi cha kila kimoja ujue ni malipo gani yaliyokosekana. Kisha waandikie waliokulipa, kwa barua pepe, ukitaja namba ya ankara, tarehe ya malipo na PIN yako (namba ya mlipa ushuru). Mara nyingi utakuta waliandika PIN vibaya. Bila cheti hiyo 3,000 hupewi, ingawa uliikatwa.

Sasa gharama, ambazo hakuzigusa kabisa.

Laptopu haiingii kama gharama ya mwaka mmoja. Ni mali, inakwenda kwenye jedwali lake la uchakavu, na kompyuta hupata asilimia 25. Ya 60,000 inakupa 15,000 kwa 2025. Intaneti, nusu ya 36,000 ni 18,000. Vyote viwili ni halali kwa sharti moja: uwe na ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa vitu vichache vilivyotajwa na sheria. Ya laptopu itazame iwe na PIN yako. Ile ya fundi wa printa, kama alikupa karatasi ya daftari, iache. Naijua inauma, ulitoa pesa kweli na printa ilitengenezwa kweli, lakini usiipachike. Kwa ritani za 2025 KRA wanalinganisha mapato na gharama ulizotangaza na zilizomo kwenye eTIMS na kwenye rekodi za zuio.

Hiyo pia ndiyo sababu sitaki usikie tena habari ya fomu ya walioajiriwa pekee. Lile shirika limeshawaambia KRA kwamba lilikulipa, tena kwa PIN yako. Sifuri yako itasomwa kando ya vyeti vyao.

Basi hesabu yako ni hii:

Mapato ya kutafsiri 240,000, toa 18,000 na 15,000, faida 207,000.
Jumlisha na mshahara 720,000, unapata 927,000.
Ushuru: 28,800, na 25,000, na asilimia 30 ya 539,000 ambayo ni 161,700. Jumla 215,500.
Toa nafuu 28,800, inabaki 186,700.
Toa PAYE 124,600 na zuio 12,000.
Unadaiwa 50,100.

Si 63,000 na wala si sifuri.

Kujaza: tumia kompyuta, simu haitakufaa. Pakua ritani ya mtu binafsi mkaazi, ile ya ekseli, na uziruhusu makro zifanye kazi, la sivyo vitufe vitakaa kimya. Ukurasa wa kwanza utaulizwa kama una mapato mengine zaidi ya ajira. Jibu ndiyo, ndipo kurasa za biashara zinafunguka. Ukurasa wa F ni wa mshahara, wa M ni wa PAYE na unataka PIN ya mwajiri kama ilivyo kwenye P9. Kwenye faida na hasara andika 240,000, yaani kiasi kamili kabla ya kukatwa, wala si 228,000 zilizoingia benki. Hapo ndipo wengi huteleza, wanaandika walichoshika mkononi na wakati huohuo wanadai cheti cha zuio. Ukimaliza, bonyeza kuhakiki, itakutengenezea faili la zipu, hilo ndilo unalopakia kwenye iTax.

MwalimuKilifi

Allah akulipe kheri, kaka. Nimekaa na daftari nikazirudia hesabu zote na nimezielewa. Vyeti ni vitatu kweli! Cha malipo ya Oktoba hakipo. Nimewaandikia leo asubuhi.

Nauliza mawili. Siku ya mwisho ni 30 Juni kwa yote, kutuma na kulipa? Na kama 50,100 sina kwa mkupuo?

MtunzaVitabu

Kutuma ni 30 Juni. Kulipa ilikuwa 30 Aprili. Watu wengi wenye mshahara hawaijui tarehe hiyo kwa sababu PAYE huwa imeshalipwa na mwajiri, hivyo hawadaiwi kitu. Kwako iliyobaki ilitakiwa Aprili. Kuna adhabu ya asilimia 5 ya ushuru uliochelewa, 2,505, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Ukilipa ndani ya Juni ni miezi miwili, 1,002. Jumla ya kila kitu 53,607.

Hata kama huna pesa, tuma ritani kabla ya 30 Juni. Kuchelewa kutuma kuna faini yake peke yake: asilimia 5 ya ushuru au 2,000, ile iliyo kubwa. Ukishatuma, omba kupitia iTax ulipe kwa awamu. Wanakubali mpango wa malipo ukiuheshimu, ingawa riba huendelea kuhesabiwa kwenye salio. Kwa hiyo lipa kubwa uwezalo mwanzoni.

Bwana_Duka

Samahani kuingilia. Mimi ni mlinzi wa kampuni, nina mshahara, na mke wangu ananisimamia duka la vifaa vya simu Mtwapa, limesajiliwa kwa PIN yangu. Mauzo ya mwaka jana yalikuwa kama milioni 1.4. Nami najumlisha hivyohivyo?

MtunzaVitabu

Wewe ndugu yangu ndiye TOT inayekuhusu. Mauzo ni zaidi ya milioni 1 na hayafiki 25, tena ni bidhaa. Ni asilimia 3 ya mauzo, unatuma na kulipa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ikishalipwa ni ya mwisho, hujumlishi faida ya duka na mshahara. Kwa milioni 1.4 ni 42,000 kwa mwaka. Ritani ya mshahara unaituma kando kwa P9 yako kama kawaida.

Ila pima kwanza. TOT haiangalii gharama. Vifaa vya simu vina faida ndogo, na kama baada ya kununua mali, kodi ya pango na stima unabaki na kidogo, hiyo asilimia 3 ya mauzo inaweza kula sehemu kubwa ya faida. Sheria inakuruhusu kumwandikia kamishna utoke TOT uingie kwenye ritani ya kawaida. Lakini hapo utahitaji ankara za eTIMS za mali yote unayonunua, na faida itakaa juu ya mshahara wako kama ilivyokuwa kwa mwalimu. Nitumie mauzo na manunuzi ya miezi mitatu nikutazamie, sitaki upande gari kabla ya kujua linakwenda wapi.

KijanaWaVoi

Ahsante kwa kunisahihisha mkuu. Mimi pia nakatwa 5%, kesho naingia iTax kutazama vyeti vyangu.

MwalimuKilifi

Narudi kuwapa habari. Shirika walijibu: waligeuza tarakimu mbili za PIN yangu kwenye malipo ya Oktoba. Wamerekebisha na cheti cha nne nimekiona kwenye akaunti, 3,000, tarehe na ankara vinalingana. Nilikwenda saiba nyingine, nikakaa mimi mwenyewe kwenye kibodi, ukurasa wa F, M, faida na hasara, jedwali la uchakavu. Chini kabisa ikatoka 50,100 kamili. Nimetuma, stakabadhi ya kupokelewa ninayo, na nimelipa kwa M-Pesa pamoja na adhabu na riba.

Mwaka huu shirika wamenipa tena vijitabu vinne, bei ileile. Nifanyeje nisifike Aprili nikiwa hivi?

MtunzaVitabu

Mashallah, mwalimu, nimefurahi sana.

Kwa mwaka huu: anayetarajia kubaki na ushuru wa 40,000 au zaidi anatakiwa kuulipa robo robo, tarehe 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Unaweza kukadiria mapato ya mwaka huu, au kutumia ushuru wa mwaka jana ukiongeza asilimia 10. Ukikadiria 50,000, kila robo ni 12,500. Ya Aprili imepita na ya Juni iko mlangoni, hivyo ukiweza lipa hizo mbili pamoja. Kwenye iTax chagua malipo ya awamu ya mwaka 2026, usichague tena tathmini binafsi ya 2025, maana pesa ikienda mwaka usio wake kuirudisha ni kazi.

Na kila 57,000 ikiingia, siku hiyohiyo hamisha 15,000 kwenye akaunti usiyoigusa. Hiyo ni robo ya 60,000, ndiyo tofauti kati ya 30 na 5. Gharama zenye ankara zitakupunguzia, zikibaki ni zako. Fundi wa printa naye mwambie mapema: anayetaka kazi yako akupe ankara ya eTIMS.