Hiki kitufe cha "pakua" ni uongo mtupu, tuambizane ukweli

Wadau, nimechoka na huu mchezo. Ukilipia muziki kwa mwezi kwenye programu kama Spotify, kisha ubonyeze "pakua", kinachoingia kwenye simu ni faili iliyofungwa, na ufunguo wanao wao. Unganisha simu na kompyuta uitafute: utakuta majina ya herufi na namba zisizosomeka. Huihamishii kwenye flashi, huipigi kwenye redio ya gari. Spotify wanasema wazi kwamba mwisho ni nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, vifaa visizidi 5, na lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Ukipitisha, kimya. Kadi ikikosa salio siku ya kukatwa, kimya vilevile. Na msanii akigombana nao, wewe uliyelipa huulizwi: Neil Young aliondoa nyimbo zake huko 2022, zikarudi 2024.

Halafu bando. Usipopakua, ukatiririsha (yaani kusikiliza moja kwa moja mtandaoni) kwa ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde ni MB 2.4 kwa dakika, yaani MB 144 kwa saa. Anayekaa kwenye foleni ya Rongai, nje kidogo ya Nairobi, saa 3 kwa siku, kwenda na kurudi, anachoma MB 432, na kwa siku 22 za kazi ni GB 9.5. Hiyo ni gharama ya pili ambayo hakuna tangazo linaloitaja. Mpangilio wa ubora ukiuacha "otomatiki", 4G ikishika vizuri unapanda wenyewe. Ushushe hadi kilobiti 96 kwa upande wa data (kama MB 43 kwa saa), uzime video fupi zinazocheza nyuma ya wimbo, na upakuaji uruhusu kwa waifai pekee.

Sasa hesabu ya kununua. Chukulia kifurushi cha mwezi ni shilingi 300 za Kenya: kwa mwaka 3,600, kwa miaka 5 elfu 18, na ukiacha kulipa unabaki mikono mitupu. Wimbo wa dola 1 ni kama shilingi 130, kwa hiyo 3,600 inanunua nyimbo 27. Kama nyimbo mpya unazozipenda kweli hazifiki 27 kwa mwaka, kodi ya nini? Wa kuonja onja albamu nzima kila wiki, sawa, alipie mwezi, hapo sibishi.

iTunes, duka la muziki la Apple, waliondoa kufuli kwenye nyimbo wanazouza tangu 2009. Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wasanii huuza wenyewe, wanakupa MP3 ya kilobiti 320 au FLAC (faili kubwa isiyopunguzwa ubora), na wao wanamkata msanii asilimia 15 tu, pamoja na ada ya malipo. Kwa spika za masikioni za bei nafuu za Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, FLAC ni kujaza memori bure: wimbo wa dakika 4 unakula MB 25 hadi 30, MP3 haifiki hata 10.

Wengi wanakwama kwenye gari. Redio nyingi za bei nafuu hazisomi FLAC, na flashi ya GB 64 ikitoka dukani huwa imefomatiwa exFAT, mpangilio ambao redio hizo nyingi hazisomi, kwa hiyo redio inaandika tu kwamba hakuna faili. Ifomati upya kwa FAT32, mpangilio wa zamani zinaousoma, weka MP3, na nakala ya pili ibaki kwenye kompyuta, maana flashi hufa bila kuaga.

Kinachoniudhi zaidi ni muziki wetu wenyewe. Zamani ungeshuka River Road, Nairobi, ukatoka na kaseti ya benga mfukoni. Leo nyimbo nyingi za hapa zipo za kutiririsha tu, na mwenye pesa mkononi hana mahali pa kuzinunua. Wasambazaji, mnashindwa nini kuweka MP3 ya 320 kwa M-Pesa, shilingi 50, faili bila kufuli?

Na msiniletee viungo vya kugeuza YouTube kuwa "MP3 320". Sauti ya kule kwa kawaida ni kilobiti 128 hadi 160, kuiandika upya kwa 320 kunaongeza ukubwa wa faili tu. Anayejua duka linalouza benga halali kwa M-Pesa, bila akaunti ya dola, aweke jina hapa chini.